Mguu wa Kati

Hapa Kinindo umeme ukikatika, wanangu hawaulizi mshumaa, wanauliza ruta. Sawa. Ruta inataka volti 9, na mimi nina batri kuukuu ya gari, volti 12. Kinachohitajika ni regyuleta ya volti 9, ile iitwayo 7809, na mtu wa kulehemu. Haya, nenda mjini ukaitafute! Kila duka la vipuri wanakutolea 7805, ya volti 5. Ukitaja 7809 wanakutazama kana kwamba umeagiza mukeke wa kukaanga.

Nikamwendea kijana mmoja fundi wa redio. "Papa, usihangaike. Hii 7805 tutaidanganya." Fundi akisema tutadanganya, mimi hushika mfuko wangu kwanza.

Ila maelezo yake yaliingia akilini. Kidude kina miguu mitatu: wa kuingizia, wa kati unaokwenda hasi, na wa kutolea. Kazi yake ni kuhakikisha kati ya mguu wa kutolea na ule wa kati pana volti 5, basi. Kama mguu wa kati umekanyaga chini au umening'inia, hayo hayakihusu. Kijana akalehemu rezista ya omu 470 kutoka mguu wa kutolea hadi wa kati, na nyingine ya omu 270 kutoka wa kati hadi hasi. Mguu wa kati ukapanda volti 4 na ushee, zile 5 zikakaa juu yake, mita ikasoma 9.2. Kwa nyongeza ndogo, akasema, dayodi moja chini ya mguu huo ingeleta kama 0.7.

Sasa kidude kinachemka. Akakifunga kwa skrubu kwenye kopo la maziwa ya unga ili kipoe, na waya wa hasi akaubana kwenye kopo hilohilo. Mita: 5. Akagonga kopo, akapuliza, kisha akalaumu batri yangu. Batri ya watu! Kumbe bati la mgongoni mwa 7805 limeungana na mguu wa kati, kwa hiyo kopo lilikuwa limeushusha mguu chini kabisa. Ikabidi kutia kipande cha maika katikati na plastiki kwenye skrubu, vitu alivyovibandua kwenye amplifaya mbovu ya mteja ambaye sijui ataambiwa nini.

Na bado. Kidude kinadai kuingiziwa volti kama 2 zaidi ya zile kinazotoa. Batri ikichoka hadi 11, ruta inaanza kupepesa, na macho yote nyumbani yananigeukia mimi.

Jana jirani kaja na laptopu ya volti 19, naye anataka apandishiwe mguu. Nikamwambia regyuleta hii inapunguza tu, kwenye batri ya 12 hutapata 19 hata uupandishe mguu hadi darini. Kaondoka kanuna, anasema nina choyo.