Sakafu ya Mbao Ngumu Itakayosifiwa Hadi Masika

Nyumba imesimama, bati la rangi limepanda, geti lina simba wawili. Imebaki sakafu. Vigae wanavyo majirani wote, kwa hiyo wewe weka mbao, tena mbao ngumu. Nifuate, na usikubali kuambiwa kwamba kazi hii inataka subira.

1. Chagua jina kwanza. Mbao utaiona baadaye. Mninga kila mtu anaujua, mvule una heshima ya kizee. Mkongo ni mtamu zaidi kwa sababu watu wa pwani wanauita mbambakofi: mti mmoja, unausifia vyumba viwili. Ukitaka kuwanyamazisha kabisa, sema ipe, kutoka Brazil. Mpingo usiuguse. Mti wenyewe ni mwembamba na umejipinda, ndiyo maana huishia kwenye klarineti na vinyago vya Wamakonde. Ukidai sebule nzima ni mpingo, atatokea seremala mmoja kati ya wageni akuumbue.

2. Kariri kipimo. Mwaustria aitwaye Janka alibuni njia ya kupima ugumu: unasukuma gololi ya chuma ya milimita 11.28 mpaka nusu yake izame kwenye mbao, halafu unasoma nguvu iliyotumika. Mwaloni mwekundu wa Marekani ni paundi 1,290. Ipe inapita 3,500. Itaje namba hiyo chai ikishamiminwa. Hakuna atakayeuliza kama hapo nyumbani kuna mtu anayekanyaga gololi.

3. Nunua usiku. Muuzaji wa mchana atakuonyesha chapa ya nyundo ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, na vyote hivyo viko ndani ya bei. Atakuchosha pia na habari za mkutano wa kimataifa wa Panama wa 2022, ulioingiza mninga na mkongo wa Afrika, na ipe pia, kwenye orodha ya miti ambayo kuivusha mpaka wa nchi kunahitaji kibali. Wa usiku hana hotuba. Halafu gizani hutauona ule weupe wa pembeni unaozunguka kiini, sehemu ambayo wadudu huipenda kuliko wewe unavyoipenda sebule yako. Asubuhi fundi ataupaka rangi ya mninga.

4. Usingoje ikauke. Hapa ndipo watu wengi wanapokosa ujasiri. Maseremala wa zamani watakwambia mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, ipangwe kivulini, vipande vya fito katikati ili upepo upite. Mwaka! Na shemeji anakuja Desemba? Gusa mbao kwa kiganja, sema "kavu hii," lipa. Kipima unyevu, kile kidude chenye sindano mbili, kikatae kama unavyokataa mizani sokoni: kinaleta ugomvi bure. Ugumu na ukavu ni mambo mawili, lakini ukimwambia mgeni 3,500 atadhani umeshayamaliza yote.

5. Siku ya kupiga, mkimbize fundi. Mkongo unapinda misumari, kwa hiyo ataomba kutoboa tundu kwanza. Mkatalie, misumari ni rahisi kuliko muda. Mvule nao huficha vijiwe ndani yake vinavyong'oa meno ya msumeno, na vumbi lake linawasha pua, lakini pua ni yake. Jambo la muhimu: akitaka kuacha nafasi ya milimita kumi ukutani ili mbao ipate pa kutanukia, mfokee. Umelipia sakafu mpaka ukutani. Masika ikifika, mbao itakunywa unyevu, itakosa pa kwenda, itapanda juu katikati ya chumba, na mlango wa chumbani utagoma nusu. Upige randa mlango. Ndio uliokosea.

6. Kwa wenye biashara, hapa kuna faida ya ziada. Ofisini washa kiyoyozi kutwa, kizime usiku. Mbao iliyoingia mbichi itasinyaa kwa upana, na kati ya ubao na ubao utafunguka ufa unaomeza sarafu ya shilingi mia ikiwa imesimama wima. Mwambie mteja ni mtindo wa kizamani. Akiwa na viatu vya kisigino chembamba, mkaribishe akae haraka.

7. Sakafu ikishavimba, ikasinyaa na kuanza kulia kila mtu anapopita, tandika zulia, kubwa, toka ukuta hadi ukuta. Kwenye kona moja acha kipande cha mbao kama sahani, kionekane vizuri, kile ambacho fundi alikipiga vanishi mara tatu. Mgeni akishangaa mtu anafunikaje mbao ya bei hiyo, mjibu taratibu kwamba unaitunza.