Kapishwa Pembeni kwa Heshima

Wapo watu wasio na shukrani. Basi limetoka Mwanza, limechelewa, linaipita Bunda kana kwamba Bunda ni bango tu, halafu mwenye baiskeli na tenga lake la dagaa analalamika eti kasukumwa nje ya lami. Kasukumwa? Kapishwa pembeni kwa heshima, tena kwa honi! Na kile kibao cha mwendo wa 50 kiliwekwa pale kwa ajili ya baiskeli. Ajabu ni kwamba hakuna hata moja iliyowahi kukivunja.

Majeruhi naye apende kutembea. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, haimfuati mtu kitandani. Inatolewa kituo cha polisi, na kituoni kuna benchi. Huko ataulizwa, kwa upole kabisa, namba ya gari lililomgonga. Swali la haki. Mtu aliyekuwa mtaroni, miguu juu, dagaa usoni, ndiye aliyepata nafasi nzuri kuliko wote ya kuisoma. Kama hakuiona, mwenye kosa ni macho yake. Baiskeli itabaki kituoni kama kielelezo, ipumzike. Basi liendelee na safari, maana abiria wana haraka.

Msafara wa Twende Butiama ukija na baiskeli zake kumuenzi Mwalimu Nyerere, tunajipanga barabarani na kupiga makofi. Sawasawa, wale ni wageni. Wewe wa Makutano unayepeleka maziwa Butiama alfajiri humuenzi yeyote. Kaa kwenye changarawe yako, ndugu yangu, na ukianguka, anguka ukisoma namba.