Somo wa Kikapu Anajibu: "Mume Wangu Ana Mtu Anaitwa Dawn"

Barua zimefurika. Ndivyo huwa kila Januari, vyuo vya Marekani vinapomaliza mechi za kupimana nguvu na kuanza kukabana wenyewe kwa wenyewe ndani ya konferensi zao, yaani ligi za makundi ya vyuo. Desemba shabiki wa kikapu cha wanawake bado ni mtu mwenye adabu zake. Ikifika katikati ya Januari ana deni la usingizi, ana neno juu ya kila mwamuzi, na ndoa yake imeanza kuletwa kwangu. Nimechagua barua chache. Zile za kuwatukana waamuzi nimezihifadhi, maana nyingine zimeandikwa kwa ufundi mkubwa.

*Somo, shikamoo. Niko Mombasa, nina mume na watoto watatu. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa mume wangu huamka saa tisa, akatoka chumbani kwa kunyata na simu mkononi. Juzi nilimfuata hadi mlangoni mwa sebule nikamsikia akisema, "Dawn, utaniua wewe!" Nimepeleleza kazini kwake, hakuna Dawn. Nimwite mjomba wake? – Mwenye Moyo Mzito*

Marahaba, mwanangu. Mjomba mwache alale. Dawn yupo kweli, ila mumeo hamwezi. Ni Dawn Staley, kocha wa South Carolina tangu 2008, mzaliwa wa Philadelphia, mwenye medali tatu za dhahabu za Olimpiki alizozipata akiwa mchezaji, na mataji ya taifa ya vyuo ya 2017, 2022 na 2024. Mwaka huo wa 2024 timu yake ilicheza mechi 38 na kushinda zote 38. Mwanamke wa namna hiyo atapata wapi nafasi ya kumpigia simu mumeo?

Hiyo saa tisa nayo nikufafanulie ili moyo utue. Konferensi ya SEC, ya vyuo vya kusini, hupenda kuwachezesha wanawake Alhamisi na Jumapili. Mechi ya Alhamisi ikianza saa moja jioni kwao, Mombasa ni saa tisa usiku. Ikianza saa tatu usiku, huku ni saa kumi na moja alfajiri, na hapo wapo wanaume wanaosifiwa na wakwe kwa kuamkia swala ilhali wameamkia robo ya kwanza. Lakini Jumapili mechi nyingi ni za mchana. Ya saa saba huku ni saa tatu usiku, watoto wameshakula. Sharti lako kwake liwe hili: Jumapili mnatazama pamoja, naye akueleze kila kitu bila kukutazama kama mjinga. Robo nne za dakika kumi kumi, si muda mrefu. Ukishaanza kumlaumu Dawn kwa sauti kuliko yeye, niandikie tena.

Usishtushwe na kitu kimoja. Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani husogeza saa zao mbele, na mechi ya saa tisa usiku huangukia saa nane. Mumeo akibadilisha kengele ya simu, hajapata mwingine.

*Somo, mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya uuguzi Dallas. Madina Okot alipotoka Chuo Kikuu cha Zetech akaenda Mississippi State, nilinunua fulana yao, nikajua Starkville iko wapi, na nikawachukia South Carolina kwa moyo wote kama ipasavyo. Akacheza msimu mmoja, akahamia South Carolina! Fulana niipeleke wapi? Na chuki je? – Aliyeachwa Njia Panda*

Pole, dada. Lakini tuseme ukweli: wewe hukuwa shabiki wa Mississippi State. Ulikuwa shangazi wa mtoto wa watu, umemsindikiza ugenini. Si jambo baya. Msichana wa futi sita na inchi sita kutoka kwetu akisimama chini ya kikapu katika konferensi ngumu kama ile, nani atabaki na msimamo? Mimi mwenyewe nilipiga vigelegele, na jirani wa juu akagonga sakafu.

Uhamisho ndio sura ya mchezo huu sasa. Zamani mchezaji aliyehama chuo alikaa benchi mwaka mzima kama anayetumikia kifungo. Mwaka 2021 akaruhusiwa kuhama mara moja na kucheza papo hapo, na tangu 2024, mradi masomo yake yako sawa, anaweza kuhama hata kila mwaka. Ongeza ruhusa ya Julai 2021 ya wachezaji kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, utaelewa kwa nini kila Aprili mashabiki wanahesabu waliobaki kama mama anayehesabu vijiko baada ya hitima.

Fulana usiitupe, ina heshima yake. Machi 31, 2017, Connecticut walikuwa wameshinda mechi 111 mfululizo. Mississippi State ndio waliowakata, 66–64 katika muda wa nyongeza, kwa mtupo wa mwisho wa Morgan William, msichana mfupi kuliko wote uwanjani. Siku mbili baadaye wakaingia fainali ya taifa, na waliowavua furaha hiyo, 67–55, ni nani? South Carolina. Kwa hiyo chuki uliyoipokea ni ya halali, ina hati zake. Wewe iweke stoo tu. Okot akishamaliza chuo utaitoa, utaifuta vumbi, utaitumia.

*Mzee mwenzangu Somo, nakusalimu kutoka Minneapolis. Mjukuu wangu ameniuliza kwa nini konferensi yetu inaitwa Big Ten, yaani Kumi Kubwa, ilhali timu ni 18. Nilimfundisha kuhesabu mimi mwenyewe. Nimwambie nini? – Babu wa Gophers*

Mwambie watu wazima waliona hela, hesabu ikawapotea. Konferensi hiyo iliundwa Chicago mwaka 1896, na vyuo saba vya eneo la kati ya nchi. Mwaka 2024 vikaingia UCLA, USC, Oregon na Washington, vyote vya pwani ya Pasifiki, na sasa wasichana wa Los Angeles wanapanda ndege kwenda New Jersey kucheza na Rutgers, kisha warudi kufanya mtihani. Hakuna aliyewauliza. Fedha za televisheni za mpira wa miguu wa Kimarekani ndizo zilizochora ramani hiyo, na kikapu cha wanawake kikapakiwa kama mzigo wa ziada. Kuna kichekesho kikubwa zaidi: Stanford, chuo cha California, sasa kimo katika Konferensi ya Pwani ya Atlantiki. Mjukuu akiuliza na hilo, mpe biskuti umtoe nje.

Hapa, mzee wangu, kuna jambo ambalo watangazaji hulipita haraka. Konferensi ikivimba, msimamo wa jedwali unaanza kusema nusu ya ukweli. Timu ya Big Ten ina wapinzani 17 na mechi 18 za konferensi. Maana yake ni kwamba mpinzani mmoja tu unakutana naye nyumbani na ugenini; waliobaki ni mara moja, basi. Zamani kila mpinzani alikuja kwako nawe ukaenda kwake, visingizio vikaisha. Leo timu mbili zinaweza kulingana kwa ushindi, moja imewapokea wakali kwake, nyingine imewafuata wakali kwao, na kwenye karatasi hakuna tofauti. Ndiyo maana nawaambia wanaoanza: usisome jedwali kabla hujasoma ratiba.

Msimu wa 2024–25 UCLA waliwashinda wote wa konferensi isipokuwa jirani yao USC, aliyewafunga mara mbili, na JuJu Watkins wa USC akipachika pointi 38 katika mechi ya kwanza. USC wakatwaa taji la msimu. Wiki moja baada ya kipigo cha pili, kwenye fainali ya mashindano ya konferensi kule Indianapolis, UCLA wakatoka nyuma wakashinda 72–67. Vyuo viwili vya mji mmoja kule Pasifiki vimesafiri hadi Indiana kumaliza ugomvi wa mtaani! Na katika timu 18, ni 15 tu zilizoalikwa mashindanoni. Tatu za mkiani zilitazama kwenye runinga kama wewe na mimi, ila wao hawakuwa na karanga.

*Somo, mimi na shemeji yangu hatusemezani tangu Machi 2025. Mimi Texas, yeye South Carolina. Msimu wa SEC timu zetu zilimaliza sawa, ushindi 15 na kupoteza 1. Wao walitufunga kwao, sisi tukawafunga kwetu. Halafu wakubwa wakarusha sarafu! Ikawaangukia wao! Hii ni haki? – Niliyeibiwa Austin*

Sarafu haikuiba, bwana. Tuliza mori. Taji la msimu mligawana, na halali yenu mnayo: kwao Columbia mlilala 67–50, kwenu Austin mkaamka 66–62. Kilichorushiwa sarafu ni nafasi ya kwanza katika upangaji wa mashindano ya konferensi, kwa sababu kanuni za kuvunja sare zilishindwa kuwatenganisha. Mimi nilipenda. Mamilioni ya dola, wataalamu wa takwimu, kompyuta, na mwishowe bwana mkubwa wa konferensi mbele ya kamera akiwa na kipande cha chuma, kama watoto wanaogombea goli la upande wa kivuli.

Ila mbona barua yako imekomea hapo? Fainali ya mashindano hayo, kule Greenville, mlikutana tena, South Carolina wakawashinda 64–45. Mwezi uliofuata, nusu fainali ya taifa mjini Tampa, 74–57. Hizo nazo ni sarafu? Wewe una ugomvi na shemeji, umeutafutia kisingizio cha duara. Nenda kamsalimie. Ukiona salamu ni nzito, mkumbushe kwa upole kwamba siku mbili baada ya kuwatoa ninyi alifungwa na Connecticut 82–59, kisha nyote wawili mkae mkawaseme Connecticut. Ndugu wengi wamepatanishwa na Connecticut.

*Somo, kijiweni kwetu wananicheka. Wanasema mpira wa wanawake hauna ladha kwa sababu hakuna wa kuruka akapigilia mpira kikapuni. Nijibu vipi? – Mnyonge wa Kijiwe*

Waambie Georgeann Wells wa West Virginia alipigilia katika mechi ya chuo Desemba 21, 1984, kabla baadhi yao hawajazaliwa. Waambie pia fainali ya wanawake ya 2024, South Carolina na Iowa ya Caitlin Clark, ilitazamwa Marekani na wastani wa watu milioni 18.9, na ya wanaume mwaka huohuo milioni 14.8. Wakiendelea, hama kijiwe. Kahawa ipo kila mahali.

*Somo, naendesha teksi New York. Nilianza kuingia mechi za wasichana wa Chuo Kikuu cha Columbia nikikimbia baridi, sasa nimenasa. Mwaka 2025 walishinda mechi 13 kati ya 14 za konferensi, kisha wakapoteza fainali moja kwa Harvard, 74–71, na Harvard wakaitwa mabingwa wa mashindano. Miezi miwili na nusu ya kazi inafutwaje kwa jioni moja? – Dereva wa Usiku*

Umeuliza swali linalonikosesha raha kila Machi. Kila konferensi hupewa tiketi moja ya moja kwa moja ya kuingia katika mashindano ya taifa ya timu 68. Karibu zote humpa mshindi wa mashindano yale ya siku chache, si bingwa wa msimu. Ivy League, hiyo ya Columbia na Harvard, ilikaidi muda mrefu. Hadi 2016 tiketi ilikuwa ya bingwa wa msimu, na hapakuwa na mashindano kabisa. Tangu 2017 timu nne za juu hukutana wikendi moja, na hesabu inaanza upya. Televisheni inapenda wikendi. Bingwa wa wiki kumi hana picha nzuri ya kuuza.

Kwa konferensi tajiri hili ni mchezo tu, maana timu zao saba, nane au zaidi zitaitwa na kamati hata zikipoteza. Kwa konferensi ndogo ni kifo. Ipo kila mwaka timu iliyoongoza jedwali tangu Januari, ikateleza siku moja, na kamati ikaona vipimo vyake havitoshi. Columbia wako walibahatika: mwaka huo Ivy, ambayo haitoi hata ufadhili wa michezo, iliingiza timu tatu, wao, Harvard na Princeton. Wakawatoa Washington 63–60, ushindi wao wa kwanza kabisa katika mashindano hayo. Wewe ulikuwa umewaona Januari, viti vikiwa wazi, na abiria wako hawakujua unachokisikiliza redioni. Endelea kuingia. Wikendi nyingine konferensi hii hucheza Ijumaa na Jumamosi mfululizo, kwa hiyo panga zamu zako vizuri. Ijumaa usiku ndiyo yenye abiria, najua, lakini na wewe ni binadamu.

*Somo, mdogo wangu anaolewa Houston, na kamati ya harusi imechagua wikendi ya kwanza ya Machi, wikendi ya mashindano ya konferensi! Mimi ndiye mweka hazina. Nisogeze tarehe kwa hila gani? – Dada Mtu*

Hila isiwe ya fedha, utafungwa. Simama kikaoni useme ukumbi wa wikendi hiyo una joto. Wakisema basi wiki ya tatu ya Machi, kataa. Ndiyo raundi ya kwanza ya taifa, na timu 16 bora zinacheza nyumbani. Wakisema mwanzoni mwa Aprili, kohoa sana. Pendekeza Mei, mchezo umekwisha na wachezaji wengi wameshachagua pa kuhamia. Bwana harusi akilalamika kwamba Mei ni mbali, mchunguze, huenda ni shabiki wa kikapu cha wanaume. Na kadi yangu ya mchango uitume mapema, maana Aprili huwa sina kitu, ninanunua fulana.