Kontrola Imekufa, Mayai Yako Siku ya 11: Namna ya Kusaka Spea Thika na Ruiru

Inkubeta ikizima, usikimbilie kumpigia simu aliyekuuzia. Atakuambia hiyo ni ya kutupa, ununue nyingine, na kwa bahati yako amebakiwa na moja tu. Amebakiwa na hiyo moja tangu mwaka jana. Weka simu chini, uende kwenye mashine.

Kwanza ielewe. Wenye mashua za matanga kule Kilifi na Mtwapa huwa na kifaa kinachoshika usukani nahodha akipumzika: sensa inasoma mwelekeo, ubongo unaamua, mota inageuza usukani. Inkubeta ya Makongeni au ya Kihunguro ni kifaa hichohicho. Sensa inasoma joto, kontrola inaamua, balbu inawaka au kuzima, na mota inageuza trei. Safari ni ya siku 21, na bandari ya katikati haipo.

Kwa hiyo okoa mayai kabla ya kutafuta fundi. Yai huvumilia baridi kuliko joto. Saa chache za kupoa huchelewesha vifaranga, lakini nyuzi 40 na zaidi kwa muda mrefu huvipika ndani ya ganda. Funga mlango wa mashine, uifunike kwa blanketi ukiacha matundu ya hewa, na uache kufungua kila dakika kuchungulia. Jiko la makaa usiliingize kwenye chumba kilichofungwa; hewa yake inaua, na haichagui kati ya mayai na mwenye mayai. Kisha ulizia kwa majirani nani ana kuku wa kienyeji anayeatamia. Kuku huyo atachukua mayai kumi na kitu, anadhibiti joto bila stima, anageuza mwenyewe, na ndiye spea pekee unayoweza kuipata Jumapili saa tatu usiku. Nenda kwa adabu, umsalimie mama mwenye kuku na umwulizie watoto kabla ya kutaja shida yako, na umwahidi vifaranga wawili.

Ikiwa iliyokufa ni mota ya kugeuza, tulia. Mikono ipo. Weka alama ya penseli upande mmoja wa kila yai, ugeuze mara tatu au tano kwa siku, ili upande unaolala juu usiku huu usilale juu tena kesho. Kuanzia siku ya 18 mayai hayageuzwi tena.

Sasa tafuta ugonjwa. Watu wengi huilaumu kontrola kwa sababu ndiyo yenye namba zinazowaka, ilhali mara nyingi mkosaji ni kitu kidogo cha pembeni. Feni hujaa manyoya laini ya vifaranga wa awamu iliyopita hadi ikagoma kuzunguka, joto likajaa juu na chini kukawa baridi. Rilei, kile kisanduku kidogo kinachotoa sauti ya "tik" kila balbu inapowaka, huungua ndani na kushikana. Ikishikana, balbu haizimi hata kontrola ikiamuru namna gani. Sensa nayo waya wake ukikatika, kuna kontrola zinazodhani nje kuna baridi ya Limuru na kuendelea kuchochea joto. Hapo ndipo mayai mia huiva kwa usiku mmoja.

Ili kujua kama sensa inasema kweli, nunua kipimajoto cha homa kwenye duka la dawa, kile cha kwapani. Kiweke usawa wa mayai. Kontrola ikisema 37.7 na hicho kikasema 39, mwongo umempata, na hujalipa fundi hata shilingi.

Spea yenyewe inunuliwe kwa maandishi yaliyo juu yake. Fungua, toa iliyoharibika, uifute vumbi, usome. Mota ina volti, ina idadi ya mizunguko kwa dakika, na ina mhimili wa unene fulani. Feni ina volti 12 au 220, na ukizichanganya utanusa jibu mwenyewe. Beba kile kilichokufa mfukoni. Mtu anayepanda matatu ya 237 kutoka Thika au ya 145 kutoka Ruiru hadi Luthuli Avenue, Nairobi, halafu anasimama kaunta na kusema "nataka ile ya kugeuza mayai", atauziwa chochote kinachozunguka. Muuzaji atasema, "Hii ni orijino, boss." Muulize orijino ya nani. Kisha mwombe aiwashe hapohapo. Duka lisilo na soketi ya kujaribia, lipite.

Balbu ndiyo mtihani. Utaingia duka la hadiwea ukiomba balbu ya wati 60, ile ya zamani ya waya, na kijana atakuonea huruma: "Mama, hizo tuliacha kuleta. Chukua LED, inaokoa stima." Ni kweli inaokoa, kwa sababu haitoi joto la maana, na wewe joto ndilo ulilofuata. Simama imara. Eleza kwa upole kwamba huwashi taa, unapasha mayai. Ukipata za waya, nunua nne.

Kwa kontrola yenyewe, usimpe mtu anayefungua ubao wa saketi kwa kisu cha jikoni. Shuka Juja, katikati ya Thika na Ruiru. Chuo cha JKUAT kilianza hapo mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, na pembeni yake hukosi kijana mwenye mita na chuma cha kulehemu anayejua kubadilisha rilei bila kuunguza ubao. Fundi mzuri hupima kwanza, ndipo anataja bei. Anayetaja bei akiwa bado amesimama mlangoni anauza bei. Na huyu anayepima, mlipe vizuri hata kama kazi imechukua dakika kumi. Unalipia ujuzi uliomwezesha kumaliza kwa dakika kumi. Inaniuma kuona mfugaji akitupa mashine nzima kwa ajili ya rilei, na inaniuma zaidi kuona fundi anayejua akilipwa nauli.

Ukiwa dukani kununua spea, nunua na seti ya pili: sensa, rilei, feni, mota. Vyote vinaenea kwenye kopo la majarini. Viweke juu ya mashine yenyewe, si kwa shemeji.

Mashine ikirudi, iwashe tupu saa 24, ukipima mara kwa mara kwa kipimajoto cha homa. Fundi akitaka hela yote kabla ya hapo, mpe nusu na namba yako ya simu.