Uainishaji wa Taa kwa Namna Zinavyokufa

Desturi ni kuainisha taa kwa mwanga wake. Hiyo ni elimu ya mnunuzi. Mtafiti makini huanzia kwenye maiti. Baada ya kuchunguza kwa kina droo moja ya jikoni na jalala moja la mtaa, tunapendekeza koo tano.

Warithi. Mfano wao ni kibatari. Kabla ya kuwaka kilikuwa kopo la maziwa. Kikistaafu, huwa bodi la kigari cha mtoto. Utambi wake wa pamba ulishakwenda na moshi. Hakuna mirathi ya kugombania.

Wanong'onaji. Ndio glopu. Ukiitikisa sikioni na waya wa tungsteni ukacheza, hati ya kifo imetoka.

Wenye kinyongo. Taa za tyubu hubeba miligramu chache za zebaki. Hazina neno, mpaka uzivunje.

Wasiooza. Hawa ni LED, ukoo wenye heshima: ile ya buluu iliwapatia Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Moyo wake ni kipunje cha galiamu naitraidi, kimefunikwa silikoni, kikalazwa juu ya alumini, kisha vyote vikafungiwa ndani ya plastiki kwa gundi, fundi asipate pa kuanzia. Aghalabu moyo huo haujafa. Kilichokufa ni kisakiti kinachoulisha umeme. Yaani mfalme huzikwa mzima kwa sababu mpishi wake amefariki.

Watarajiwa. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Campinas, Brazili, walitengeneza uzi wa kupitisha nuru kwa agarosi ya mwani: unaoza, hata kulika unalika. Wengine hutumia hariri. Wengine huiga Pollia condensata, mmea wa misitu ya Afrika, ambao matunda yake hayana rangi ya buluu hata chembe, ila matabaka ya selulosi yaliyojipinda huakisi buluu hiyo, nayo hung'aa miaka mingi baada ya tunda kukauka.

Kasoro ya ukoo huu ni moja: hakuna anayejiwakia. Hupitisha nuru au huiakisi. Wa kuiwasha bado ni kile kipunje kisichooza.

Kuhusu nasaba, ushahidi uko wazi. Selulosi ndiyo pamba, na pamba ndiyo utambi. Watarajiwa si ukoo mpya. Ni wajukuu wa kibatari waliosoma hadi uzamivu.