Mbwa Mwenye Jaketi

Kwenye mifereji ya Uingereza kuna mashua nyembamba, upana mita 2 na kidogo, mwendo kilomita 6 kwa saa. Wenyewe hutalii humo na mbwa wao hata mvua ikinyesha, na wapo mbwa wanaovishwa koti la mvua na jaketi la kuokolea maisha. Mtu wa Nyakakika, mkoani Kagera, asicheke. Wakati wa masika, akitaka kuvuka Mto Kagera kwa mtumbwi, atapewa kopo la kutolea maji na nasaha ya bure: "Tulia, usitikisike." Kagera inamwaga maji Ziwa Victoria, kulikozama meli ya MV Bukoba Mei 1996 na mamia ya watu. Waheshimiwa wenye mitumbwi, hatuombi makubwa: tupeni hadhi ya mbwa.