Kanuni ya Mechi Sita

Agosti 11, 2020, Big Ten, ligi ya vyuo vikuu vya Marekani iliyokuwa na vyuo 14 wakati huo licha ya jina lake, iliahirisha msimu wa futiboli ya Kimarekani kwa sababu ya corona. Afya ya wanafunzi kwanza, wakuu wa vyuo walisema. Kura zilikuwa 11 kwa 3, na kamishna Kevin Warren akaandika barua ya wazi kwamba uamuzi huo hautajadiliwa tena.

Ukajadiliwa.

Wachezaji wanane wa Nebraska, chuo kimojawapo cha ligi hiyo, walikimbilia mahakamani. Rais Trump, uchaguzi ukiwa mlangoni, akampigia Warren simu. Septemba 16 wakuu walewale wakarudisha mechi, safari hii bila hata mmoja kupinga. Corona haikuwa imeondoka; vilikuwa vimepatikana vipimo vya kila siku.

Uhondo wenyewe ulikuja Desemba. Kanuni ya ligi ilitaka timu icheze angalau mechi sita ndipo iingie fainali. Ohio State, mgombea wa ubingwa wa taifa, ilikuwa na tano. Nyingine zilifutwa kwa corona ileile. Indiana, yenye mechi saba, ndiyo iliyokuwa na haki ya nafasi hiyo. Desemba 9 viongozi wa ligi wakakaa kikao, wakaifuta kanuni. Ohio State ikaingia fainali, ikaifunga Northwestern 22 kwa 10.

Kosa la Indiana lilikuwa moja tu: haikuwa Ohio State.